Hesabu na Wosia: Njia Mbili za Kuandika Maisha katika Kiswahili

Katika madarasa yetu tawasifu hutendewa kama mtoto wa kambo. Mwanahistoria huichukua, akachota humo majina ya watu, vita na njia za misafara, kisha akaiweka kando. Mwanafasihi naye huipita mbio ili aifikie riwaya na ushairi, kwani hudhani kwamba mtu asimuliaye yaliyomfika mwenyewe hana alilobuni, na pasipo kubuni hapana kazi ya mhakiki. Kwa hiyo baadhi ya maandishi yaliyo muhimu sana katika nathari ya Kiswahili yamesomwa vipande vipande, kila mmoja akichukua kipande chake. Makala haya yanakusudia kuyatazama maandishi hayo kwa mfuatano wa wakati, na kuuliza swali moja ambalo wanahistoria na wanafasihi wote wanalihitaji: huyu anayejiita "mimi" katika maandishi ya Kiswahili ametoka wapi, na amejifunza kwa nani kusema habari zake?

Yafaa kwanza tulitazame neno. "Wasifu" na "tawasifu" ni istilahi za darasani, na mzizi wake wa Kiarabu wahusu kueleza sifa za kitu au mtu. Lakini watu wawili ambao ndio nguzo za somo hili, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, na Shaaban Robert, vitabu vyao vyote viwili vimetufikia kwa jina la "maisha". Tofauti hiyo si ndogo. Sifa huhusu mtu alivyo. Maisha huhusu alikopita. Msomaji akifungua vitabu hivi akitazamia kuonyeshwa nafsi ya mtu ilivyokua tangu utotoni, kama wafanyavyo waandishi wengi wa Ulaya, atavifunga akiwa amenung'unika. Tippu Tip aanza habari zake akiwa na umri wa miaka 12, mkononi ana sandarusi ya kuuza. Shaaban Robert atukuta akiwa mtu mzima, mtumishi wa serikali na mume wa mtu. Utoto wao hawakuuona kuwa na haja ya kuandikwa.

Kutoka katika upungufu wa namna hii, kama ni upungufu, wataalamu wa Ulaya walitoa hukumu nzito. Georges Gusdorf, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1956, alishikilia kwamba tawasifu ni mmea wa utamaduni wa Magharibi peke yake, na kwamba mtu asiyejihesabu kuwa ametengana na jamii yake hawezi kuiandika. Akiiandika, basi ameazima. James Olney alijibu kwa sehemu katika mwaka 1973 kwa kitabu kizima juu ya tawasifu za Kiafrika, lakini maandishi aliyoyategemea yalikuwa zaidi ya Kiingereza na Kifaransa. Naye Philippe Lejeune, mwaka 1975, alileta kipimo kilichoenea kuliko vyote: kwamba tawasifu ni mapatano baina ya mwandishi na msomaji, na muhuri wa mapatano hayo ni jina, yaani mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wawe na jina moja. Sitaki kuwapuuza mabwana hawa. Nataka tu kuona vipimo vyao vitasema nini vikiletwa pwani.

Maandishi ya kwanza ya nathari ya Kiswahili ambamo mtu asimulia habari zake mwenyewe hayakuzaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Chuo cha Lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafunza Kiswahili maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea Afrika Mashariki. Wanafunzi walihitaji kitu cha kusoma. Carl Büttner alipotoa mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili mwaka 1894, alitia ndani yake habari za Amur bin Nasur, mtu wa Unguja aliyekuwa akifundisha lugha katika chuo hicho. Mwaka 1901 Carl Velten akatoa kitabu cha safari za Waswahili, na ndani yake yumo Selim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Komoro, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia.

Mpango wa maandishi hayo hauna budi kutupa hadhari. Aliyeomba habari ni Mzungu. Aliyezichapa ni Mzungu. Aliyetakiwa kuzisoma ni Mzungu mwanagenzi wa lugha. Mswahili ndiye mwenye kalamu au mdomo, lakini si mwenye swali. Na swali ndilo lililochagua umbo. Mtu akiombwa aeleze safari yake, huanza siku ya kutoka na kumaliza siku ya kurudi. Mambo ya moyo yake huwa ni ya kando, kama vumbi la njiani. Hata hivyo, Selim ahusuduo baridi ya Siberia na kuipima kwa macho ya mtu wa pwani hakuwa chombo kitupu. Umbo la safari lilikuwa lake pia. Pwani ilikuwa imezoea tangu kale kumsikiliza msafiri aliyerudi, na msafiri alijua kwamba baraza humtaka aseme mambo kwa mpango, atoe majina ya miji na vipimo vya siku, wala asijisifu kupita kiasi mbele ya watu ambao kesho huenda wakafika huko wenyewe.

Hapa yafaa tumtaje kwa kupita Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ambaye kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kabla ya maandishi hayo yote. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870. Kitabu chake ni cha Kijerumani, na kwa hiyo si sehemu ya historia ya nathari yetu kwa maana nyembamba. Lakini yeye ndiye aliyekiandika kile ambacho wanaume hawakukigusa: utoto, mama, jinsi ya kula na kulala katika jumba la Mtoni, na jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mtu aweza kusema kwamba aliyajua hayo kuwa ni ya kuandikwa kwa sababu alikuwa amekaa Ujerumani miaka ishirini. Huenda. Lakini pia alikuwa na sababu ya kuyalilia, kwa kuwa alikuwa ameyapoteza.

Tuje sasa kwa Tippu Tip. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufa huko mwaka 1905. Aliyaandika maisha yake uzeeni, kwa herufi za Kiarabu, kwa ombi la Heinrich Brode, mtumishi wa ubalozi mdogo wa Ujerumani. Brode aliyageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959, yakiwa na utangulizi wa kihistoria wa Alison Smith; na mwaka 1974 François Bontinck akatoa Brussels tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi. Kwa hiyo anayekisoma kitabu hicho leo akisoma kwa kupitia mikono kadhaa: ya mwandishi, ya mgeuza hati na ya mhariri. Ni vema kulikumbuka hilo kabla ya kujenga hoja juu ya neno moja.

Kitabu chenyewe ni hesabu. Sisemi hivyo kwa kukidharau. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara aliyefanya kazi kwa mkopo. Bidhaa zake alizikopa kwa matajiri wa Unguja, hasa Taria Topan, na miaka mingi aliyokaa bara ilikuwa miaka ya deni. Mtu wa namna hiyo akirudi pwani hutakiwa kueleza: ulichukua nini, ulipita wapi, ulipata frasila ngapi, ulipoteza watu wangapi, kwa nini umechelewa. Nadhani tukiyasoma maisha yake kwa sikio la mdai, mambo mengi yaliyoonekana kuwa makavu yatasikika upya. Yeye hutaja pembe, bunduki, shanga na siku za njia kwa ukamilifu ambao hautoi kwa watoto wake. Tarehe hatoi ila mara chache. Watafiti walilazimika kuzipata kwa kuwapitia wasafiri wa Ulaya aliokutana nao, yaani Livingstone mwaka 1867, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876. Mdai haulizi mwaka. Huuliza kilichopatikana.

Lugha yake yathibitisha jambo hilo. Nathari hiyo huendeshwa na kiambishi -ka-: nikaenda, tukafika, wakaja, akanambia, nikamwambia. Tendo hushika mkia wa tendo lililotangulia kama wapagazi katika njia nyembamba, na sababu ya tendo mara nyingi hukaa ndani ya mazungumzo, si katika maelezo ya msimulizi. Watu husema, naye hujibu. Na ni katika majibu yake tunapouona werevu wake, kiburi chake na subira yake. Wanafunzi wengine wamewahi kuniambia kwamba mtindo huo ni wa kitoto, kwa kuwa hauna uchambuzi wa nafsi. Niliwataka wajaribu kuandika kurasa tatu kwa namna hiyo pasipo kumchosha msomaji. Hawakunirudia na malalamiko hayo.

Na vipi kuhusu mapatano ya jina? Mtu huyu ana jina alilopewa na baba yake, nalo ndilo la mapatano ya biashara na ya sheria. Jina la Tippu Tip alilipata bara baada ya vita na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na kwa maelezo yake lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu walioshindwa. Vitabu vya Wazungu vyatoa maelezo mengine, kwamba ni kwa sababu ya kupepesa macho. Kwa hiyo jina ambalo dunia yamjua kwalo ni jina alilopewa na waliomwogopa, nao hawakutia sahihi katika mapatano yo yote. Kipimo cha Lejeune hakivunjiki hapa, lakini chalemewa.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote kwa mwanahistoria, na tamu kuliko zote kwa mhakiki, ni ile ya Utetera. Tippu Tip asimulia jinsi alivyosikia bara habari za wanawake wa ukoo wa mtawala wa nchi hiyo waliotekwa zamani. Alizihifadhi habari hizo. Alipomfikia mzee Kasongo Rushie alidai kwamba bibi yake mzaa alikuwa mmoja wa mateka hao, na kwamba kwa hiyo yeye ni mtoto wa nyumba. Mzee akamsadiki, akamwachia utawala. Jambo la ajabu si hila yenyewe. Wenye hila wamekuwapo siku zote. Jambo la ajabu ni kwamba anatuambia. Msomaji huonyeshwa habari zilikotoka, kisha huonyeshwa zilivyotumiwa, wala msimulizi hatoi udhuru. Yaani ndani ya tawasifu ya kweli mna tawasifu nyingine, ya uongo, iliyotungwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja na ikafanya kazi yake. Nani basi aweza kusema kwamba mtu huyu hakujua kuwa "mimi" ni kitu cha kutungwa? Alijua kuliko wahakiki wake. Gusdorf angalikisoma kitabu hiki kwa makini asingalisema kwa wepesi vile kwamba watu wa nje ya Magharibi hawajitengi na ukoo. Huyu alijitenga na ukoo wake hata akajipatia mwingine.

Tukimlinganisha na Stanley twapata somo jingine. Wote wawili waliandika juu ya safari ya mwaka 1876 kutoka Manyema kufuata mto, na wametofautiana juu ya mapatano na malipo. Tippu Tip alilalamika kwamba baada ya ahadi kubwa za zawadi alichopata ni picha ya Stanley mwenyewe. Mwaka 1887 watu hao wawili walisafiri tena pamoja, Tippu Tip akiwa ameteuliwa kuwa wali wa maporomoko ya Stanley kwa niaba ya dola ya Kongo, na safari hiyo nayo ikaishia katika madai ya fedha. Kwa muda mrefu wanahistoria waliupima ukweli wa Mswahili kwa kitabu cha Mwingereza, hali kitabu cha Mwingereza kiliandikwa ili kiuzwe. Kila mmoja alikuwa na mdai wake. Afadhali tuwasome wote wawili kama watu wanaotoa hesabu mbele ya watu wasiofanana.

Lakini hesabu ina shimo, na kulifunika kwa sifa za lugha itakuwa ni dhambi ya taaluma. Mateka wamo katika kitabu hicho kama namba, au kama nguvu iliyobeba pembe, au hawamo kabisa. Vijiji vilivyochomwa hutajwa kwa upesi ule ule wa kutajia kituo cha kulala. Hapa ndipo mwanahistoria anayechota tarehe tu, na mwanafasihi anayesifu mtindo tu, wanapokosea pamoja. Kiambishi -ka- hakina mahali pa kusimama ili mtu mwingine aulizwe lilimfika nini. Unyamaa huo ni sehemu ya mtindo, na mtindo ni sehemu ya biashara.

Waliobebeshwa pembe walipata mwandishi baada ya miaka thelathini. James Mbotela alitoa kitabu chake juu ya uhuru wa watumwa mwaka 1934. Alikuwa mtoto wa Freretown, mji wa watumwa walioachwa huru ulioanzishwa na wamisheni karibu na Mombasa katika miaka ya 1870, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotekwa wakaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza. Kitabu si tawasifu kwa kipimo cha jina, maana asimulia zaidi ya watu wa baba yake kuliko yake. Nacho kina mdai wake vilevile: shukrani kwa misheni na kwa Waingereza imeenea mle hata msomaji wa leo huweza kuchoka. Hata hivyo, kiweke kando ya maisha ya Tippu Tip, usome ukurasa wa huku na ukurasa wa huku. Njia ni ile ile, mizigo ni ile ile. Aliyebadilika ni mtu anayeitwa "sisi". Sijui jozi ya vitabu ifaayo zaidi kufundishia historia ya karne ya kumi na tisa kwa lugha yenyewe iliyotumika njiani. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1932, Martin Kayamba alikuwa ametoa habari za safari yake ya London ya mwaka 1931, alikokwenda kutoa ushahidi wa Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Hicho nacho ni mwana wa Selim bin Abakari: safari, miji, vipimo, adabu.

Mtu akifuata mstari huu wa hesabu na safari atafika kwa Shaaban Robert akiwa amepotea. "Maisha Yangu" kilitoka mwaka 1949, na baadaye kikaunganishwa na sehemu ya pili, "Baada ya Miaka Hamsini", iliyotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1962. Mwandishi alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akaingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huku, hata Mpwapwa. Safari zimo, na ile ya kuhamia bara imeelezwa kwa urefu. Lakini safari hazikiongozi kitabu. Mtu anayetafuta mfuatano wa miaka atauona ukikatika kila mara ili mwandishi aseme juu ya ndoa, uaminifu, subira au chuki ya rangi; na ghafula nathari husimama, ushairi ukaingia. Mkewe Amina afapo, mume hamalizi habari hiyo kwa nathari. Humlilia kwa beti. Na katikati ya kitabu cha maisha ya baba tunakuta tenzi mbili za watoto, mmoja wa binti na mmoja wa mwana.

Wahakiki wengine wameona kwamba hizo tenzi ni mzigo uliopachikwa, na kwamba kitabu hakina umoja. Mimi naona kwamba wamekipima kwa kipimo cha Tippu Tip, au cha Ulaya, wakakiacha kipimo cha jirani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utenzi. Alikuwa mgonjwa, naye alifariki mwaka 1860. Twaukumbuka utenzi huo kwa mafunzo ya mke kwa mume, na mabishano yetu ya miaka mingi yamekuwa juu ya mafunzo hayo, kama ni ya utumwa au ya werevu. Lakini utenzi huo wasimama juu ya maisha ya mtunzi: ugonjwa wake, ndoa yake, jinsi alivyokaa na mumewe hata kufa kwake. Mafunzo yana haki ya kusikilizwa kwa sababu aliyeyatoa ameyaishi, na anayatoa akiwa mlangoni mwa kaburi. Hilo ndilo umbo la wosia. Mtu hasemi "nilikuwa hivi" ili ajulikane. Husema ili neno lake lipate uzito kwa aliyeachwa.

Tukikisoma kitabu cha Shaaban Robert kama wosia, yale yaliyoonekana kuwa kasoro huanza kukaa mahali pake. Tenzi za watoto si kiraka. Ndizo zilizokuwa zikingojewa. Utoto wa mwandishi hauna haja, kwa kuwa hauna funzo kwa binti aliyefiwa na mama. Hekima za jumla hukatiza masimulizi kwa sababu masimulizi ni ushahidi wake, kama vile katika wosia mtu hutaja mali kisha akataja mrithi. Hata sarufi yake hufuata. Penye -ka- ya Tippu Tip sisi hukuta hapa "ni" na "hu-", vitenzi vya mambo ya siku zote: mapenzi ni hivi, mtu mwema hufanya hivi. Tendo la jana hugeuzwa kuwa kanuni ya kesho. Na pale ambapo Tippu Tip hakueleza sababu, Shaaban Robert hueleza sababu hata tukatamani aache.

Ubaya wa wosia ni kwamba humtengeneza mwusiaji. Hapana mtu anayemwusia mwanawe kwa kumwambia kuwa aliwahi kuwa mdogo wa roho. Kwa miaka mingi picha yetu ya Shaaban Robert ilikuwa ile aliyojichora: mvumilivu, mwadilifu, asiyekasirika. Kisha, mwaka 2002, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958. Barua hizo zaanza alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili na zafuatana naye katika miaka ile ile ambayo kitabu chaisimulia. Humo tunamwona mtu wa ukoo, wa kazi, wa fedha zisizotosha na wa miswada inayosumbua kuchapwa. Hatuna haja ya kupiga kelele kwamba kitabu ni uongo na barua ni kweli. Barua nazo zina adabu zake, na kaka mkubwa aandikiaye mdogo wake yu jukwaani vilevile. Yanayopatikana ni bora zaidi: sauti mbili za mtu mmoja kwa wasikilizaji wawili, katika miaka ile ile. Waandishi wa Kiswahili wa kizazi hicho waliotuachia kitu cha namna hiyo ni wachache mno. Mwanafunzi anayetaka kujua tawasifu hutungwaje hana haja ya kwenda kwa Lejeune kwanza. Aweke barua upande wa kulia na kitabu upande wa kushoto, atazame ni jambo gani limevuka kutoka huku kwenda huko, na limebadilika nguo gani njiani.

Upande wa Kenya historia hii ina pengo ambalo sharti tulikiri. Vita vya uhuru vilizaa kumbukumbu nyingi, lakini hazikuja kwa Kiswahili. J. M. Kariuki alitoa habari za vizuizi mwaka 1963 kwa Kiingereza. Gakaara wa Wanjau alitoa shajara yake ya kizuizini mwaka 1983 kwa Kikikuyu, nayo ikapata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Sababu si ngumu kuona. Aliyeandika kwa Kiingereza alitaka kusikiwa na waliomfunga. Aliyeandika kwa Kikikuyu alitaka kusikiwa na waliofungwa pamoja naye na watoto wao. Kiswahili, lugha iliyokuwa ya kambi, ya askari na ya amri, kiliachwa katikati.

Kifungo kilichozaa Kiswahili kilikuja baada ya uhuru. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya yaelekea wapi, akatoka mwaka 1972. Na mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo iliyokuwa na jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Hicho si tawasifu kwa istilahi. Lakini mshairi ndiye anayesema, dhiki ni yake, chumba ni chake, na msomaji wa pwani hakuwa na shaka ni nani anayeitwa "mimi". Twafanya makosa tunapolitenga somo hili katika nathari peke yake. Kwa Mswahili aliyelelewa juu ya tungo, mambo mazito ya nafsi yamekuwa na nyumba yao katika ushairi tangu zamani. Nathari ilikuwa ya safari na hesabu. Shaaban Robert alipoiacha nathari ili amlilie Amina hakuwa akibadili mada. Alikuwa akirudi nyumbani kwa jambo hilo.

Miaka ya karibu imeleta kalamu nyingine. Adam Shafi, mwandishi wa riwaya, alitoa "Mbali na Nyumbani" mwaka 2013, akisimulia ujana wake na safari ya kutoka Unguja kwa nia ya kufika Ulaya, kupitia Kenya, Uganda na Sudan. Umbo la safari limerudi, lakini aliyelishika amepitia riwaya: kijana huyo ana njaa, ana woga, hudanganywa na hujidanganya, na mwandishi mzee humtazama kwa kicheko. Kicheko hicho juu ya nafsi ya mtu mwenyewe hakikuwamo kwa mdai wala kwa mwusiaji.

Na wanawake? Baada ya Sayyida Salme palipita karibu karne nzima. Sarah Mirza na Margaret Strobel walizinakili kwa kinasa sauti habari za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, wa hali na asili zisizofanana, mmoja wao wa ukoo wa watumwa. Maneno yalisemwa kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1989, na Kiswahili chenyewe kikafuata mwaka 1991. Nimeshangaa mara nyingi jinsi toleo la Kiswahili linavyotajwa kwa nadra katika maandishi yetu sisi walimu wa lugha, hali sisi ndio tungalitakiwa kulililia. Aliye na toleo la Kiingereza ana habari: arusi, ngoma, malezi, siasa za mitaa. Aliye na la Kiswahili anasikia mahali bibi anaposita, anapolirudia neno, anapouliza msikilizaji kama anafahamu, anapohama kutoka "mimi" kwenda "sisi wanawake" na kurudi. Humo -ka- ya msafiri na "hu-" ya mwusiaji zimo zote mbili katika kinywa kimoja, mara nyingine katika sentensi moja, wala hakuna Mjerumani wa kumwambia aanze siku ya kutoka.

Jumba la Mtoni na mtaa wa Mombasa vina umbali wa tabaka na wa bahari, lakini katika vitabu vyote viwili mtu huanza na watu waliomlea.